Watu sita, sinia moja: kweli na uongo kuhusu kupanga watu mviringo

Sinia la pilau liliwekwa katikati ya mkeka, nasi sita tukalizunguka. Ilikuwa arusini, Tanga, Jumamosi mchana. Birika la kunawia mikono lilikuwa bado linapita, na kijana aliyeketi mkabala nami, mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekwisha kuambiwa kwamba mimi ni mwalimu wa hisabati, akaniuliza: "Mwalimu, sisi sita hapa tunaweza kukaa kwa namna ngapi?" Hakungoja. "Mia saba na ishirini," akajijibu mwenyewe.

Mzee aliyekuwa kulia kwangu akatikisa kichwa. "Namna moja tu, mjukuu wangu. Duara halina mwanzo wala mwisho. Ukinitoa hapa ukanipeleka pale, si nimo kwenye sinia lilelile?"

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Kijana alihesabu kila kuhama kwa watu kuwa jambo jipya. Mzee hakuhesabu kuhama kokote. Jibu la vitabuni ni 120, na hulipati mpaka uulize jambo ambalo wao wawili hawakuliuliza: mipangilio miwili tutaiita mmoja lini? Nimefundisha mada hii ya mipangilio, pamutesheni kwa lugha ya darasani, kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba swali hilo ndilo mada yenyewe. Kanuni ya (n − 1)! huja baadaye, na mara nyingine haiji kabisa. Wanaoikariri bila kuuliza huangukia makosa yaleyale mwaka hadi mwaka, na makosa hayo yameshakuwa imani. Nayaleta hapa, pamoja na machache ambayo watu huyatilia shaka kumbe ni kweli.

Kwa mifano nitawatumia watu wa kitabuni: Asha, Bakari, Chausiku, Daudi, Eliya na Fatuma.

"Watu sita wana mipangilio 720, wakae barazani au wazunguke sinia."

Si kweli. Kwa baraza ni sawa kabisa. Baraza lina ncha mbili, moja karibu na mlango na nyingine upande wa kichochoro, na kila nafasi ina utambulisho wake. Nafasi ya mlangoni inaweza kukaliwa na yeyote kati ya sita. Inayofuata na yeyote kati ya watano waliobaki. Kisha wanne, watatu, wawili, mmoja. Zidisha 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 upate 720. Ndiyo faktoria ya sita, tunayoiandika 6! kwa alama ya mshangao.

Sasa wahamishie kwenye sinia. Waambie wote sita wasogee nafasi moja kulia. Asha alikuwa na Bakari upande mmoja na Fatuma upande wa pili. Baada ya kusogea bado ana Bakari upande uleule na Fatuma upande uleule. Kila mtu anamwona mbele yake mtu yuleyule aliyekuwa akimwona. Wasogee tena, na tena. Watasogea mara sita kabla ya kurudi walikoanzia, na katika hatua zote sita hakuna aliyepata jirani mpya. Kwa hiyo kila mpangilio wa sinia umejificha mara sita ndani ya ile 720. Gawanya: 720 ÷ 6 = 120, ambayo ni 5!.

Mzee wangu alikuwa sahihi kwamba kuzunguka hakubadilishi kitu. Alichosahau ni kwamba Asha na Bakari wakibadilishana nafasi, wengine wasipotikisika, majirani hubadilika. Huko si kuzunguka.

"Ukimfunga Asha mahali pake, malizia kwa kuzidisha kwa sita, maana yeyote kati ya sita angeweza kufungwa."

Si kweli, na kosa hili huwapata hata wanafunzi hodari. Njia ya kumfunga mtu ni ile ya kusema: Asha akae hapa, asitikisike, watano waliobaki wapangwe kwa kumfuata, 5! = 120. Mwanafunzi mwangalifu huhisi amewadhulumu wengine kwa kumpendelea Asha, basi hulipa deni kwa kuzidisha kwa sita, na anarudi palepale kwenye 720.

Hakuna deni. Mchungaji akihesabu mbuzi waliosimama mduara huanzia kwa mbuzi mmoja, tuseme yule mweusi, ili ajue amefika mwisho lini. Kesho akianzia kwa yule mwenye mabaka, mbuzi hawaongezeki. Asha ni mbuzi mweusi wa hesabu hii. Ukimfunga Bakari badala yake utahesabu mipangilio ileile 120 kwa mfuatano mwingine.

"Meza ya duara haina kichwa, kwa hiyo siku zote ni (n − 1)!."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hulichanganya umbo la meza na umbo la chumba.

Sinia ni la duara, ndiyo. Lakini mkeka umetandikwa chumbani, na chumba kina mlango. Kama sheria ya kikao ni kwamba anayekaa karibu na mlango ndiye atakayekuwa anainuka kuongeza mchuzi, basi kukaa mlangoni si sawa na kukaa ndani. Kuzunguka kumepata maana, nafasi zote sita zimepata utambulisho, na jibu linarudi 720 kama barazani. Viti vyenye namba vinavyoizunguka meza ya duara huhesabiwa kwa namna hiyohiyo. Swali la mtihani likisema viti vimeandikwa namba 1 hadi 6, sahau kabisa (n − 1)!.

Sasa ongeza desturi: mgeni wa heshima lazima akae akiutazama mlango. Ukimweka yeye, waliobaki watano hupangwa kwa namna 5!, yaani 120. Namba ni ileile ya sinia tupu, lakini sababu siyo. Kule tulimfunga Asha kwa hiari yetu ili tusihesabu jambo moja mara sita. Huku desturi ndiyo iliyomfunga mgeni, na nafasi zimebaki na majina yake. Tofauti hujitokeza pale wageni wa heshima wanapokuwa wawili na yeyote kati yao anaruhusiwa kuutazama mlango: jibu linakuwa 2 × 120 = 240. Aliyekariri kanuni ataandika 120 bila kujua amekosea wapi.

Kuna meza moja iliyoingia katika historia kwa ajili ya jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1968, mjini Paris, mazungumzo ya kumaliza vita vya Vietnam yalikwama kwa wiki kadhaa juu ya umbo la meza. Upande mmoja ulitaka ionekane wazi kwamba wanaozungumza ni pande nne zenye hadhi sawa. Upande mwingine ulitaka zionekane pande mbili tu. Watu walikuwa wakiendelea kufa vitani huku wanadiplomasia wakichora meza. Januari 1969 wakakubaliana: meza ya duara, bila bendera wala vibao vya majina, na kando yake meza mbili ndogo za mstatili kwa ajili ya makatibu, moja huku na moja kule, zikikabiliana, kila moja ikiwa karibu sentimita 45 kutoka meza kubwa.

Mwanahisabati akiitazama picha ile anaona kilichofanyika. Duara tupu linaruhusu kuzunguka kokote, hivyo haligawi watu. Meza mbili ndogo zikiwekwa kando, mizunguko karibu yote inakufa: ukisogea nafasi moja, aliyekuwa karibu na makatibu hayupo tena karibu nao. Unaobaki ni mzunguko wa nusu duara, unaoipeleka meza moja ndogo mahali pa nyingine. Kwa watu sita wenye meza ya namna hiyo, kila mpangilio unajirudia mara mbili tu, na hesabu ni 720 ÷ 2 = 360. Meza ile ilikuwa duara kwa aliyetaka kuiona duara, na yenye pande mbili kwa aliyetaka kuziona pande mbili.

Kwa njia hiyohiyo utaimudu hata meza isiyo duara. Meza ya mraba yenye watu wawili kila upande ina watu wanane. Unaweza kuigeuza mara nne kabla ya kurudi ulikoanza. Basi ni 8! ÷ 4, yaani 40,320 ÷ 4 = 10,080. Meza ya duara ya watu wanane ingetoa 5,040. Pembe za meza ya mraba zimeongeza habari: jirani wa upande wako si sawa na jirani wa ng'ambo ya kona.

"Kwa kuwa duara linaweza kusomwa kulia au kushoto, gawanya tena kwa mbili."

Kwa watu, si kweli. Kwa shanga, ni kweli.

Mtu aliyeketi akitazama katikati ana kulia kwake na kushoto kwake, na mambo haya mawili hayabadilishani. Kwa desturi ya Waislamu wa pwani, kikombe cha maji kikishanywewa hupelekwa kulia. Ukiugeuza mpangilio wa watu kama unavyogeuka katika kioo, Bakari aliyekuwa akinipa kikombe sasa ananipokea. Hayo ni mambo mawili. Watoto wanaocheza Ukuti wameshikana mikono hulijua hili bila kufundishwa: mkono wa kulia unamshika mwenzako mmoja, wa kushoto mwingine, na ukitaka kuwabadilisha lazima mwachiane.

Ushanga uliotungwa kwenye uzi ni habari nyingine. Shanga sita za rangi sita tofauti, uzi ukafungwa ukawa duara: unaweza kuuzungusha, na unaweza kuuinua na kuupindua, wa juu ukawa chini. Anayeuvaa hatasema ni ushanga mpya. Basi 120 ÷ 2 = 60.

Swali la mtihani likisema "mipangilio ambayo majirani wa kila mtu ni walewale ihesabiwe kuwa mmoja", hapo hata watu watagawanywa kwa mbili, kwa sababu muulizaji amekwishasema hajali kulia na kushoto. Soma swali. Na angalizo dogo: kanuni ya (n − 1)! ÷ 2 huanza kufanya kazi watu wakiwa watatu. Kwa watu wawili inakupa nusu ya mpangilio.

"Asha na Bakari wakitaka kukaa pamoja, wafunge kamba wawe mtu mmoja, kisha ni 5! × 2."

Wazo la kamba ni zuri, hesabu siyo. Hebu tuimalize: 5! × 2 = 240. Mipangilio yote ya sinia ni 120. Tumepata wanaokaa pamoja wengi kuliko wote waliopo! Huwaambia wanafunzi wangu wasitoke kwenye swali bila kulinganisha jibu na jumla; ukaguzi huu wa sekunde tano umewaokoa wengi.

Kosa ni kwamba mwanafunzi aliwafunga kamba, akabaki na vitu vitano, halafu akavipanga barazani. Vitu vitano viko kwenye duara: 4! = 24. Ndani ya kamba Asha anaweza kuwa kulia au kushoto kwa Bakari: 24 × 2 = 48. Wasiotaka kukaa pamoja, kwa sababu wamegombana juu ya mpaka wa shamba, wana 120 − 48 = 72.

"Wagombanao wana hatari kubwa zaidi ya kujikuta bega kwa bega kwenye sinia kuliko barazani."

Kweli. Kila nikiuliza hili darasani, wengi hujibu kwamba ni sawa, maana watu ni walewale sita. Barazani uwezekano ni 240 katika 720, yaani theluthi moja. Kwenye sinia ni 48 katika 120, yaani mbili kwa tano.

Sababu inaonekana bila kanuni yoyote. Kati ya watu sita kuna jozi 15. Baraza la watu sita lina mapengo matano ya kugusana mabega, hivyo 5 katika 15. Sinia lina sita, kwa sababu wa kwanza na wa mwisho nao wamegusana: 6 katika 15. Au itazame kwa macho ya Asha: kwenye duara ana majirani wawili siku zote kati ya wenzake watano, basi mbili kwa tano. Hakuna ncha ya kukimbilia. Mwenye arusi anayejua ugomvi wa wageni wake awakaribishe barazani.

"Kila kinachozunguka huhesabiwa kwa (n − 1)!."

Si kweli, na ushahidi uko kwa akina mama wa upatu. Wanawake sita wanachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea. Kijumbe anapanga zamu. Wote husema mchezo "unazunguka", na ukifika mwisho unaanza tena. Je, zamu zinaweza kupangwa kwa namna 120? Muulize aliyepangiwa mwezi wa sita huku ada ya shule ya mwanawe inatakiwa mwezi wa kwanza. Mchezo una mwanzo, mwanzo una thamani ya fedha, na kusogeza kila mtu mwezi mmoja mbele ni jambo linaloweza kuleta maneno makali. Ni 720.

"Ukiwa na vitu n kwenye duara, kugawanya kwa n kunatosha, hata vitu vikifanana."

Si kweli. Chukua shanga sita: tatu nyekundu, tatu buluu. Kwenye mstari zinapangika kwa namna 6! ÷ (3! × 3!), yaani 720 ÷ 36 = 20. Sasa funga uzi uwe duara ugawanye kwa sita. Ishirini haigawanyiki kwa sita bila kubakiza. Namba yenyewe inakukatalia.

Jibu ni nne. Ziandike ukitumia N kwa nyekundu na B kwa buluu: NNNBBB, NNBNBB, NNBBNB na NBNBNB. Mitatu ya mwanzo, ukiizungusha, kila mmoja unatoa sura sita tofauti kabla ya kurejea. Wa nne, wa rangi zinazopokezana, unarejea baada ya hatua mbili tu, hivyo una sura mbili. Jumla: 6 + 6 + 6 + 2 = 20. Kugawanya kwa n hufanya kazi pale tu ambapo kila mpangilio unajirudia mara sawa na wenzake. Watu hawafanani, kwa hiyo kwao hujirudia sawasawa siku zote. Shanga zinafanana.

Wanahisabati wana dawa ya hili: kwa kila mzunguko hesabu mipangilio ambayo mzunguko huo hauigusi, kisha chukua wastani. Kukaa tu bila kuzungusha kunaacha 20 kama zilivyo. Kusogeza hatua mbili kunaacha 2. Kusogeza hatua nne kunaacha 2. Mizunguko mitatu iliyobaki haiachi hata mmoja. Jumla 24, gawanya kwa mizunguko 6, upate 4. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Burnside, ingawa Cauchy na Frobenius walikuwa nayo kabla yake. Na ukiruhusu kuupindua ushanga, NNBNBB na NNBBNB huwa kitu kimoja, zikabaki tatu.

"Wanaume na wanawake wakipokezana, funga mmoja kila upande: 2! × 2!."

Si kweli. Wanaume watatu wakae kwanza, wakiacha nafasi katikati yao: 2! = 2, kwa sababu duara bado halina alama. Wakishakaa, duara limepata alama. Pengo lililo kati ya Bakari na Daudi si pengo lililo kati ya Daudi na Eliya. Wanawake watatu wanaingia katika mapengo matatu yenye majina: 3! = 6. Jibu 2 × 6 = 12. Mzunguko hulipiwa mara moja tu.

"Katika fumbo la wanandoa, wanawake wakae kwanza."

Hili ni fumbo la meza za karamu za Ufaransa, si la sinia zetu, ambako arusini wanawake na wanaume kwa kawaida hula mbalimbali. Édouard Lucas, Mfaransa huyohuyo aliyebuni fumbo la mnara wa Hanoi, aliliuliza katika kitabu chake cha nadharia ya namba cha mwaka 1891: wanandoa kadhaa wamezunguka meza, wanawake na wanaume wanapokezana, na hakuna mke anayekaa kando ya mumewe. Namna ngapi? Mwaka huohuo Lucas alihudhuria karamu ya wanasayansi. Mhudumu aliangusha vyombo, kigae cha sahani kikamkata shavu, na siku chache baadaye akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 49. Kila nikifundisha fumbo hili la karamu namkumbuka.

Lucas hakujua kwamba Mskoti Tait alikuwa amekwishafikia swali lilelile kwa njia ya mafundo ya kamba katika miaka ya 1870, na Cayley na Muir wakalitatua. Baadaye Touchard alitoa kanuni fupi mwaka 1934, na Kaplansky akaithibitisha mwaka 1943. Waliolishughulikia kama fumbo la karamu kwa kawaida walianza kwa adabu ya enzi zao: wanawake wakaribishwe kwanza, kisha tutafute waume zao watakaa wapi. Ikaonekana kuwa fumbo gumu linalohitaji ustadi.

Mwaka 1986 Kenneth Bogart na Peter Doyle walionyesha kwamba ugumu mwingi uliletwa na adabu hiyo. Usimkalishe mtu yeyote kwanza. Anza na wanandoa wanaovunja sheria, wawekee viti vyao vya pamoja, kisha waliobaki wajae palipobaki. Tufanye kwa wanandoa watatu na viti sita vyenye namba. Mipangilio yote ya kupokezana ni 2 × 6 × 6 = 72. Ile ambayo tumewakalisha pamoja wanandoa fulani: chagua wanandoa kwa namna 3, jozi ya viti vinavyopakana kwa namna 6, nani awe kushoto kwa namna 2, na wanne waliobaki kwa namna 4: jumla 144. Imezidi 72 kwa sababu mpangilio wenye ndoa mbili pamoja umehesabiwa mara mbili, kwa hiyo tunarudisha ile ya ndoa mbili, 108, kisha tunatoa ya ndoa tatu, 24. Hivyo 72 − 144 + 108 − 24 = 12.

Ihakiki kwa macho. Kila mwanamke ana wanaume wawili kando yake na mmoja mkabala naye. Mumewe hawezi kuwa kando, basi lazima awe mkabala. Wanawake wakishakaa, waume hawana la kuchagua: 2 × 3! = 12. Imekubali. Kwa wanandoa wanne ni 96, kwa watano 3,120, kwa sita 115,200, na huko macho hayakusaidii tena, ila njia ya Bogart na Doyle inaendelea vilevile bila kuchoka.

Nalipenda fumbo hili kwa sababu adabu yenyewe si mbaya, nami nitaendelea kumpisha mama mlangoni. Lakini mpangilio wa kuhesabu haulazimiki kufuata mpangilio wa kukaa.

"Mipangilio ikiwa mingi, utakaa siku nyingi bila kurudia jirani."

Si kweli, na pengo kati ya namba hizi mbili hunishangaza hadi leo. Watu saba kwenye duara, usipojali kulia na kushoto, wana mipangilio 6! ÷ 2 = 360. Karibu mwaka mzima wa kula pamoja. Lakini je, ni siku ngapi wanaweza kukaa ambapo hakuna anayerudia jirani? Tatu. Kila mtu ana wenzake sita na kila siku anatumia wawili. Siku tatu zinawamaliza. Na siku hizo tatu zipo kweli. Wape namba: siku ya kwanza 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, siku ya pili ruka mmojammoja, 1, 3, 5, 7, 2, 4, 6, siku ya tatu ruka wawiliwawili, 1, 4, 7, 3, 6, 2, 5. Kila mmoja amekaa na kila mwenzake mara moja kamili. Njia ya jumla, kwa idadi yoyote ya watu isiyogawanyika kwa mbili, Lucas aliieleza katika vitabu vyake vya burudani za hisabati akimtaja Walecki kuwa mwenye wazo.

Sisi wa Tanga tulikuwa sita, na sita ni wagumu zaidi. Kila mmoja ana wenzake watano: wawili leo, wawili kesho, mmoja anabaki. Nilirudi nyumbani jioni ile nikachora duara letu, nikauliza: kama arusi ingekuwa na siku ya pili, tungekaaje ili kila mtu apate majirani wapya wawili? Ukiwaondoa majirani wa jana, kila mtu amebakiwa na watatu: wawili waliokuwa nafasi ya pili kutoka kwake huku na huku, na mmoja aliyekuwa mkabala naye. Wa nafasi ya pili peke yao hawafungi duara la sita. Wanafunga pembetatu mbili zisizokutana. Njia pekee ya kuziunga pembetatu hizo kuwa duara moja ni kuwakalisha kando kwa kando watu waliokuwa wakitazamana, jozi mbili kati ya tatu, si pungufu wala zaidi. Jozi ya kuachwa inachagulika kwa namna tatu. Kwa hiyo kati ya mipangilio 60 ya majirani, ni mitatu tu inayompa kila mtu sura mpya pande zote mbili, na katika miwili kati ya hiyo mitatu, mimi na yule kijana wa kidato cha sita tunaketi bega kwa bega.